Mnatoa wapi mawazo ya kutengeneza vitu vya ajabu ajabu kwa mkono? Kichwa changu kimekauka

kopo_tupu
Habari zenu wadau. Naomba niulize hili maana naona humu kuna watu mikono yao haitulii. Mimi napenda sana vitu vya kujitengenezea, ila sio vile vya kila siku, yaani sio chupa imepakwa rangi ikachomekwa maua, sio tairi limegeuzwa kiti, hivyo kila mtu anavyo. Nataka kitu ambacho mtu akiingia ndani anasimama anauliza "na hiki nini tena?" halafu akishaelewa anacheka. Shida nikikaa nianze kichwa kinakuwa kitupu kabisa. Simu imejaa picha nilizosevu Pinterest, za mataa, za midoli, za masaa, nazipitia usiku mpaka usingizi unanibeba na asubuhi sina hata wazo moja ambalo naweza kusema hili langu.

Nilivyonavyo ndani: mwavuli umechanika kitambaa ila vyuma vyake vizima, saa ya ukutani iliyokufa, funguo kibao ambazo hakuna anayejua kufuli zake ziko wapi, vikombe vilivyovunjika (vipande nimevitunza, msiniulize kwa nini), na jinzi zilizoisha magotini. Vifaa ni plaizi, msasa, gundi ya moto, sindano, na drili ya kuazima.

Sitaki mniambie "tengeneza hiki". Nataka kujua nyie wazo linawajia vipi, mnaanzia wapi.

nimekaa_pale
Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

Fundi Vizibo
Mkuu kopo_tupu umeuliza swali zuri. Mimi nianze na hizo picha. Picha ya kitu kilichokwisha haikufundishi kilianzaje, unaona taa imemalizika inawaka, huoni yule mtu alivyoikuta ile chekecheke mbovu akaigeuza akaona mwanga unapita kwenye matundu. Kilichomfikisha pale ni chekecheke, na wewe chekecheke huna, una mwavuli. Sasa ukitafuta taa ya chekecheke utabaki unatamani tu.

Ninavyofanya mimi: natoa vitu vyote navimwaga chini, na nakaa navigeuza geuza. Kichwa chini, ubavu, nakiangalia kwa upande ambao hakikutengenezwa kuangaliwa. Lengo ni kusahau kazi yake ubaki na umbo. Yule msanii Picasso mwaka 1942 alichukua siti ya baiskeli na usukani wake, akaviunganisha, basi, kichwa cha ng'ombe dume na pembe zake. Vitu viwili tu! Hakuchonga, hakupaka kitu. Kila aliyewahi kuona baiskeli alishaviona hivyo vitu ila alikuwa anaona siti na usukani.

Hebu chukua ufunguo mmoja uangalie bila kuwaza mlango. Kile kichwa chake cha duara chenye tundu, yale meno. Mimi nikiangalia naona samaki. Mwingine ataona mtu mwenye jicho moja. Ukishaona kitu namna hiyo hutaweza tena kutokukiona, na hapo ndipo kazi inaanzia.

Bwana Kwanini
Samahani wakuu, mimi sio wa upande wenu kabisa. Nimeishi na mtu wa hizi kazi. Kila kitu "usitupe kitanifaa". Makopo, vizibo, nyaya, maboksi ya maboksi. Kwanini tusikubali tu kwamba saa iliyokufa ni takataka?

Fundi Vizibo
@Bwana Kwanini una hoja na sitakubishia, ila kuna dawa yake. Boksi moja. Likijaa, kitu kipya kikiingia cha zamani kinatoka. Mimi naona hata kwa ubunifu ni afadhali, mwenye stoo nzima ya vitu hatengenezi chochote, anapanga stoo.

Ila kusema takataka ni takataka, hapo pole. Kuna msanii wa Ghana anaitwa El Anatsui, kafanya kazi miaka mingi Nsukka kule Nigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vizibo vya chupa za pombe, vile vya bati laini. Akakaa nao karakanani muda, hajui avifanyie nini. Baadaye akaanza kuvibonda, kuvikunja na kuvishona kimoja kimoja kwa waya wa shaba mpaka vikawa kama vitambaa vikubwa vya kufunika ukuta mzima, vinakunjika na kulegea kama nguo kweli. Mwaka 2015 maonyesho ya Venice wakampa tuzo yao ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Vizibo hivyo hivyo. Kinachonifurahisha mimi pale ni kwamba mfuko ulikaa. Hakuulazimisha.

(Jina langu humu sasa mmejua limetoka wapi.)

Mzee wa Waya
Fundi kasema vizuri ila mimi naongeza moja ambalo kwangu ndio kubwa kuliko yote. JIFUNGIE. Mtu akiwa na uhuru wa kutengeneza chochote kwa chochote hatengenezi kitu. Chagua mali ghafi moja na sheria moja. Mfano waya tu, hakuna gundi, hakuna rangi. Au funguo tu na zote zionekane ni funguo. Ukishajifungia hivyo kichwa kinaanza kutafuta upenyo chenyewe, hutakaa usubiri wazo lije kukugongea.

Angalieni Calder, Alexander Calder yule Mmarekani. Kati ya 1926 na 1931 akiwa Paris alitengeneza sarakasi nzima ya vidoli, wanasarakasi, simba, farasi, kwa waya, vizibo vya chupa vya gamba la mti, vipande vya nguo na mbao, halafu anavichezesha kwa mkono mbele ya watu, anavibeba kwenye masanduku. Mtu mzima kabisa anacheza na midoli! Na huko huko kwenye kuchezea waya na mwendo ndiko baadaye kulikotoka zile kazi zake za kuning'inia zinazozunguka na upepo ambazo sasa ziko kwenye makumbusho makubwa. Au yule Mholanzi Theo Jansen, tangu 1990 anatengeneza "wanyama" wanaotembea ufukweni kwa nguvu ya upepo, na mifupa yao ni mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme, ya manjano, yale yale miaka yote. Alijifungia kwenye bomba moja na hajalimaliza mpaka leo.

Anza na waya mkuu. Waya wa chuma mwembamba wa milimita moja hivi. Ukiwa mgumu unarudi nyuma kila ukiukunja, uchome mpaka uwe mwekundu halafu uuache upoe polepole wenyewe, unalainika. Chora uso wa mtu kwa mstari mmoja usiokatika, kwanza kwenye karatasi, halafu fuata kwa waya. Ukipata pua umepata kila kitu.

kopo_tupu
Aisee @Mzee wa Waya, hiyo ya kujifungia sijawahi kuiwaza. Mimi nilidhani shida yangu ni kukosa vitu, nilitaka nikanunue vingine.

Mzee wa Waya
Usinunue kitu.

Bi Sindano
Jamani na mimi nichangie, nimechelewa nilikuwa na mashine.

Mwanangu kopo_tupu, mimi napinga kidogo wanaokukataza picha. Angalia picha, ila acha kuangalia picha za kazi za mikono. Hapo ndipo wengi mnapokwama. Ukitafuta mawazo ya pochi kwa kuangalia mapochi utaishia kutengeneza pochi ya mwenzako. Angalia vitu vya fani nyingine kabisa ambavyo aliyevitengeneza hakuwaza pochi. Kufuli za zamani. Mavazi ya chuma ya vitani yalivyounganishwa kwenye viwiko ili mkono ukunjike. Mende kwa karibu. Ramani. Mimi mshono wangu wa begi la bega nimeutoa kwenye gamba la kakakuona, vile vipande vinavyopandana, na kila mtu ananiuliza patani nimenunua wapi.

Na vya kuangalia viko bure. Makumbusho ya Met ya New York tangu Februari 2017 wameachia picha za vitu vyao ambavyo havina tena haki miliki, unachukua unatumia utakavyo hata kwa biashara. Smithsonian, makumbusho mengine ya Marekani, nao wakafanya hivyo Februari 2020, walianza na picha milioni 2.8. Rijksmuseum ya Amsterdam nao vivyo hivyo, unavuta picha kwa karibu mpaka unaona nyuzi za nguo kwenye mchoro. Mimi naingia nimeandika neno moja tu la kijinga, "kidole", au "bawaba", au "chura", naangalia kinachokuja. Usiandike unachokitaka, maana utaletewa unachokijua.

Halafu jinzi hizo usizikate! Jinzi iliyotoboka goti ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko jinzi nzima, tundu limeshakuchagulia pa kufanyia kazi. Kuna mshono wa Kijapani unaitwa sashiko, ni mishono mifupi iliyonyooka ya uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu, unajirudia rudia mpaka unatengeneza mapambo, ulikuwa wa watu wa kawaida kuimarisha nguo za kazi na kuziba pale palipochakaa. Weka kiraka kwa ndani, chora gridi kwa chaki, shona. Sasa uajabu unaweka wewe, nani kasema lazima iwe gridi? Kwangu goti moja lina jicho linalotazama na lingine lina jicho limefumba. Nikikaa kwenye kiti watu wanaangalia magoti yangu badala ya kunisikiliza.

nimekaa_pale
Bi Sindano magoti yenye macho 😂😂 naomba picha

Bi Sindano
Picha hutaipata mwanangu, magoti ni yangu.

Bwana Kwanini
Sasa hapa kuna kitu sielewi. Mnasema usiige, halafu wote mnatoa mifano ya watu wengine, Picasso, Calder, sijui sashiko. Si ndio kuiga huko?

Bi Sindano
Kuiga ni ruhusa kabisa, hakuna aliyejifunza kushona bila kuiga. Ila kuna kuiga mkono na kuna kuiga kitu. Nikiiga namna mtu anavyounga mbao bila msumari nimepata ujuzi, nitautumia popote. Nikiiga kinyago chake nimepata kinyago kimoja, tena kibaya kuliko chake. Na ukianza kuuza ndio uwe makini zaidi, ufundi wa zamani ni wa wote, lakini mchoro wa mtu aliyekaa akaubuni na bado yupo hai anauza, huo mwachie au muulize.

panya_wa_karakana
Mimi nakuja na njia ya kichaa kidogo. Kama unataka vitu vya kuchekesha basi anza na kero, sio na mali ghafi.

Wajapani wana mchezo unaitwa chindogu, aliyeuanzisha anaitwa Kenji Kawakami. Unatengeneza kitu kinachotatua kero ya kweli ya kila siku lakini kwa namna ambayo kukitumia ni aibu au ni usumbufu kuliko kero yenyewe. Kuna viatu vya paka vyenye vitambaa vya kudekia chini, paka akitembea anakufanyia usafi. Kuna kofia yenye rola ya karatasi ya chooni juu ya kichwa kwa ajili ya mtu mwenye mafua. Na wana masharti yao, kitu lazima ukitengeneze kweli, sio kuchora tu, na hakiuzwi. Hayo masharti mawili yanasaidia sana kwa sababu ukishajua hutauza unaacha kuwaza kama kitapendwa, na ukijua lazima kifanye kazi unalazimika kuwa fundi wa kweli hata kama kitu chenyewe ni upuuzi.

Kwa hiyo zoezi. Siku nzima andika kila kitu kinachokuudhi nyumbani, vidogo vidogo. Chaja inaanguka nyuma ya kitanda. Sabuni inateleza. Rimoti haionekani. Soksi moja inapotea. Chagua kimoja ukitatue kwa nguvu kupita kiasi. Mimi rimoti yangu ina mguu wa meza, yaani nimeifunga kwenye mguu mzima wa meza iliyovunjika, haipotei ng'o, na wageni wakiombwa wabadilishe chaneli inabidi waibebe kwa mikono miwili.

Fundi Vizibo
😂😂😂 mguu wa meza!! Huyu mtu ana laana

kopo_tupu
Nimecheka peke yangu kama chizi. Hiyo ya kero naifanya leo leo.

mgeni_mwema
Wadau mimi mpya humu, nadandia kidogo. Wazo ninalo tayari, nataka kukata chupa za kioo kwa ile njia ya kamba na moto niliyoiona kwenye video, unalowesha kamba kwenye asetoni unawasha halafu unatumbukiza kwenye maji. Pia nimepata paleti za mbao za bure, zile za kupangia mizigo, nataka nitengeneze rafu. Kuna la kuzingatia?

Mbao na Moto
@mgeni_mwema subiri usiwashe kitu. Hiyo ya kamba kwenye video inapendeza ila una asetoni, ambayo mvuke wake unashika moto haraka sana, una mwali mkononi, na una kioo kinachopasuka, vyote kwa mpigo. Na mkato unatoka umejipinda. Tumia kikata kioo, vile vyenye gurudumu dogo. Zungusha chupa upige mstari mmoja, MARA MOJA tu usirudie juu yake, halafu mwagia maji ya moto kwenye mstari, kisha ya baridi, kisha ya moto. Kioo kinatanuka upande mmoja na kusinyaa mwingine, kinapasuka kwa kufuata ule mstari. Ukingo usugue kwa msasa wa maji ukiwa umelowa, kila wakati umelowa, vumbi la kioo usilivute. Miwani na glavu sio mapambo.

Paleti, tafuta muhuri uliochomwa kwenye mbao. Ukiona HT maana yake ilitibiwa kwa joto, kiini cha mbao kilifikishwa nyuzi 56 kwa dakika 30 ili wadudu wafe, hiyo chukua. Ukiona MB ilifukizwa methyl bromide, dawa ya sumu, hiyo iache, usiikate wala usiichome. Isiyo na muhuri huwezi kujua imebeba nini, na yenye madoa ya mafuta au harufu ya kemikali iache pia hata kama ni HT.

Na kwa wote mnaochezea mabomba ya plastiki ya PVC: kulainisha kwa joto la taratibu sehemu yenye hewa sawa, kuunguza hapana. Ikiungua inatoa gesi ya asidi inayoshambulia mapafu. Nimemaliza, endeleeni na vichekesho vyenu.

mgeni_mwema
Asante sana mkuu, asetoni nairudisha kabatini.

kopo_tupu
Wakuu nimerudi. Nimemwaga vitu chini kama Fundi alivyosema, na nimejifungia kama Mzee alivyosema: mwavuli na funguo tu, basi. Nimeutoa mwavuli kitambaa chote (umetoka vipande nane vya pembetatu, nimevitunza). Nimeugeuza kichwa chini nikaushikilia kwa ncha, nikaona kama buibui, halafu nikaona kama ua, halafu upepo ukapita ukatikisika nikaona ni ile kitu inayolia kwenye upepo! Yaani vyuma nane vimetoka pembeni, kila kimoja nining'inize funguo, zikigongana zilie. Na kero yangu namba moja kwenye ile orodha ilikuwa "sijui upepo umeanza saa ngapi nguo zimeshaanguka kwenye kamba". Kwa hiyo ni kengele ya nguo 😂

Swali: nimejaribu kufunga funguo chache zinatoa "chki chki" tu, hazilii. Na mwavuli unalalia upande mmoja. Nifanyeje?

Fundi Vizibo
Unaona sasa! Hilo hulipati Pinterest.

Mzee wa Waya
Kwanza hongera, hilo ni wazo na ni lako.

Sasa tuanze na sauti. Ufunguo ni mfupi na mnene na umbo lake halijatulia, hautakupa sauti ndefu hata ufanyeje, utakupa "chki". Hiyo "chki" sio mbaya, mvua ndogo inasikika hivyo. Lakini ukitaka mlio unaobaki hewani unahitaji bomba la chuma au la alumini, lile jembamba. Tafuta bomba la pazia la zamani au mguu wa kiti cha kukunja.

Siri ya bomba iko mahali pa kulitundikia. Bomba likigongwa linajikunja kidogo kidogo huku na huku kwa kasi, katikati linacheza na ncha zinacheza, ila kuna sehemu mbili ambazo hazichezi kabisa, na ziko asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila ncha. Toboa hapo ndipo uning'inize. Bomba la sentimita 40, tundu liwe sentimita 9 kutoka juu. Ukilitundika kwa ncha kabisa kamba inaushika mtetemo na mlio unakufa, ndio maana vingi vya kujitengenezea vinasikika kama sufuria inaanguka.

Urefu nao una hesabu yake. Kwa bomba la aina moja, ukilikata nusu kasi ya mtetemo haipandi mara mbili, inapanda mara nne. Kwa hiyo ukitaka noti ile ile ya juu yake, yaani mtetemo mara mbili tu, usikate nusu, zidisha urefu kwa 0.707. La sentimita 40 mwenzake ni sentimita 28 na kidogo, na tundu lake liwe sentimita 6.3 kutoka juu. Katikati ya hayo mawili kata unavyopenda kwa sikio, kata refu kwanza halafu punguza kidogo kidogo, bomba likishakatwa halirudi.

Funguo usizitupe. Zining'inize katikati ya mabomba ziwe ndizo zinazogonga. Kila upepo ukija, funguo zinagonga mabomba.

Kulalia upande: chuma kikienda mbali na katikati kinavuta zaidi kwa uzito ule ule. Funguo mbili mwishoni mwa mkono zinaweza kusawazishwa na nne zilizokaa nusu ya umbali upande wa pili. Calder kwenye zile zake za kuning'inia alikuwa akianza na kipande cha chini kabisa, anakisawazisha, ndio anapanda juu. Wewe tundika mwavuli kwanza mtupu, angalia kama umetulia, halafu ongeza viwili viwili, upande huu na ule unaotazamana nao kwa pamoja. Usijaze upande mmoja ukitegemea utarekebisha mwisho.

panya_wa_karakana
Na ile saa iliyokufa? Kabla hujaitangaza marehemu toa betri uangalie vile vyuma vinavyogusana nayo. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri ilivuja, chukua kijiti cha pamba chenye siki kidogo, sugua, futa kwa pamba yenye maji, kausha vizuri. Nyingi zinafufuka hapo hapo. Ikifufuka usiirudishe kuwa saa tena! Mashine ya saa ni mota ya bure inayotembea kwa betri moja muda mrefu sana. Mshale wa sekunde unazunguka mara moja kwa dakika, wa dakika mara moja kwa saa. Bandika kitu chepesi cha karatasi badala ya mshale, na kiwe na uzito sawa pande zote mbili maana haina nguvu ya kuinua. Mimi ningeweka inzi wa karatasi anayezunguka sahani. Wageni wampige piga.

Bi Sindano
Vile vipande nane vya mwavuli navitaka mimi kama huvitaki. Kitambaa chake hakipitishi maji, ukikata ukingo pitisha karibu na mwali wa mshumaa kidogo tu, unaziba wenyewe haufumuki. Vipande viwili mgongo kwa mgongo na zipu, unapata kipochi cha pembetatu cha kuwekea nguo mbichi. Haya tena, hata hicho usikifanye nilivyosema, kishone umbo la popo, kitambaa cha mwavuli na bawa la popo mbona vinafanana sana.

kopo_tupu
Popo!! Bi mkubwa umeniua. Vipande ni vyangu sitoi.

Vikombe je, nani ana neno la mwisho? Nimesoma ile ya Wajapani ya kuunga kwa dhahabu.

Mbao na Moto
Kintsugi. Ile ya kweli ni utomvu wa mti unaitwa urushi, unapakwa tabaka kwa tabaka na kusubiri ukauke kwa majuma, ndio dhahabu ya unga inafuata. Ukitumia gundi ya epoksi na unga wa rangi ya dhahabu unapata sura ile ile haraka ila kikombe kibaki cha kuwekea kalamu, usinywee.

Mimi ningeacha kuunga kabisa. Mhindi mmoja Nek Chand, mkaguzi wa barabara kule Chandigarh, kuanzia 1957 alikuwa akikusanya vipande vya vyombo, vigae, bangili zilizovunjika, anajenga bustani nzima ya masanamu kwa siri kwenye ardhi ya serikali, na mwaka 1976 ikafunguliwa kwa watu. Masanamu yake mengine nguo zao ni bangili zilizovunjika. Sasa wewe una mishikio ya vikombe, na hiyo ndiyo sehemu wote wanaitupa. Mshikio wa kikombe ni sikio. Ubandike kwenye kitu chochote, kitakuwa kinasikiliza.

kopo_tupu
Nimeubandika mmoja kwenye swichi ya taa kwa kujaribu. Haki ya Mungu swichi inasikiliza. Nakwenda kutafuta mabomba.

Bwana Kwanini
Hongera mkuu, kwa swichi nimecheka, nakubali. Sasa swali langu la mwisho, hiyo kengele ya nguo usiku upepo ukivuma saa nane majirani watafanyaje? Kwanini kila kitu lazima kilie?

Mzee wa Waya
Swali halali. Chuma kwa chuma kinalia kikali na kinakwenda mbali. Zivishe zile funguo za katikati kipande cha jinzi au ngozi, au tundika kitufe cha mbao badala yake, mlio unakuwa mpole na hautoki nje ya uwanja. Na funga kamba moja ndefu inayopita kwenye mikono yote nane ya mwavuli kama ile ya kufunga mfuko, usiku unaivuta, mabomba yanakumbatiana yananyamaza. Uzi wenyewe wa kutundikia tumia wa kuvulia samaki ule mnene, wa pamba utaoza kwa mvua na jua. Na fundo lipige mara mbili, ule unateleza.